Kijiji cha asili

Mimi nilizaliwa Lugufu, mwaka 2007. Wa zamani mnaikumbuka Lugufu. Mliokuja juzi, na hasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika ambao kila baada ya muda tunaona sura mpya, niwaambie tu kwamba ilikuwa kambi ya Wakongo hapa hapa mkoa wa Kigoma. Ilifungwa 2009, watu wakapakiwa kwenye magari, wakaletwa Nyarugusu. Nilikuwa na miaka miwili. Kwa hiyo pale nilipozaliwa hapana watu tena, na pale wanaposema ndiyo kwetu sijawahi kupaona hata kwa mbali. Kwenye fomu kuna sehemu ya kujaza kijiji cha asili. Tukihojiwa, baba ndiye anajibu. Mimi naangalia viatu vyangu.

Sikuwa naona kama ni shida. Ukiwa msichana wa miaka kumi na nane hapa kambini una mambo yako ya kutosha. Bomba linafunguliwa saa ngapi, posho itafika tarehe ngapi, nani ataenda kutafuta kuni na nani atamsindikiza. Na shule. Sisi tunasoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, benchi moja watu watano, na mtihani wa mwisho ni ule ule wanaofanya wenzetu wa Uvira na Baraka. Asubuhi nikiwa nimeshiba nakuwa mtu mwenye maswali mengi darasani, mpaka wenzangu wanazomea. Mwisho wa mwezi, posho ikiwa imeisha, nakaa nyuma, kichwa kwenye daftari, na mwalimu akiniita naitika kama niko kisimani.

Mwaka huu wa 2025 mambo yalianza vibaya. Kesi yetu ya kwenda Marekani ilikuwa imefika mwisho. Tulishapimwa afya, baba alishauza baiskeli, mama alishagawa masufuria, ile kubwa kampa jirani ambaye kuirudisha ilimchukua wiki tatu. Mwezi wa kwanza safari za wakimbizi kwenda huko zikasimamishwa. Nyumba yetu ikawa kama ya msiba usio na maiti. Watu wanakuja, wanakaa, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Baba alikuwa halali. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, basi nikawa naielekeza kwa wadogo zangu.

Ndipo mwalimu wetu wa historia akatupa kazi. Chagua kitu kimoja cha mababu wa kabila lako, kieleze kurasa nne, kichore, taja mzee aliyekupa habari. Alama ishirini. Akasema, "Mukiniletea ya intaneti peke yake, naweka sifuri na naweka kwa kalamu nyekundu."

Nilikasirika zaidi. Tulikuwa tunasubiri kwenda mbele, sasa mtu ananiambia niangalie nyuma, tena nyuma ambako sikuwahi kuwa. Niliacha ile kazi kwenye daftari siku nane. Siku ya tisa nilimwomba kaka, mtoto wa baba mkubwa, simu yake, nikaweka bando la mia tano.

Jamani. Ukiandika Wabembe kwenye simu, mengi yanayokuja ni vita. Ukiteremka chini zaidi ndipo unakuta vinyago. Kuna kimoja kinaitwa alunga. Umbo lake ni kama kengele kubwa inayovaliwa kichwani, kina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, macho yake ni mabonde makubwa yaliyokatwa kama msalaba, na juu yake manyoya na miiba ya nungu. Kilikuwa cha chama cha wazee chenye jina hilo hilo. Nikakuta pia habari za Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa Kongo miaka ya 1950 akiandika mambo ya Walega na Wabembe: bwami, koo, uwindaji, jando yetu ya butende. Nilisoma mpaka bando likaisha. Niliona ajabu kwamba mtu wa Ubelgiji alijua mengi ya ukoo wangu kuliko mimi niliyebeba hilo jina.

Na vinyago vyenyewe viko wapi? Vingi viko Ulaya na Marekani, kwenye makumbusho, nyuma ya kioo. Kwa hiyo babu zetu walishapata nafasi ya kwenda Marekani bila kupimwa afya. Nilimwambia baba hivyo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anacheka tangu mwezi wa kwanza.

Makumbusho makubwa ya mambo ya Kongo yako Tervuren, karibu na Brussels. Yalianzia kwenye maonyesho ya mfalme Leopold ya mwaka 1897. Wakati ule walipelekwa Wakongo 267 waonyeshwe kwa watu, wakakaa kwenye vijiji vya kuigiza, na saba kati yao wakafia huko.

Nilipofika hapo nilikumbuka tarehe 20 mwezi wa sita. Kila mwaka Siku ya Wakimbizi inapofika tunaambiwa tucheze ngoma za asili. Mimi nimecheza miaka minne. Tunavaa majani kiunoni, tunajipaka nyeupe usoni, wageni wanapiga picha, tunapewa soda. Sisemi ni kitu kimoja na Tervuren, soda ni tamu na kucheza ninapenda. Lakini katika miaka minne hakuna mgeni aliyeuliza wimbo unasema nini, na kama angeuliza, katika sisi kumi na sita pengine wawili ndio wangejibu. Kiebembe chetu ni cha kuitikia salamu na cha kugombezwa. Tunaongea Kiswahili nyumbani, Kifaransa shuleni, na sasa watu wote wanajifunza Kiingereza kwa ajili ya safari.

Nilichora alunga usiku, kwa kutumia picha niliyoihifadhi kwenye simu. Nilichora vizuri, nisijifiche. Kesho yake baba mdogo akaja. Yeye ni mchungaji. Aliangalia ile karatasi, akaiweka chini pole pole kama mtu anayeweka yai. "Mwanangu, hivyo ndivyo tulivyoviacha. Usivirudishe nyumbani kwa babako." Simlaumu. Amezika watu wengi, na kilichomsimamisha ni kanisa, siyo kinyago. Ila nilimwuliza, kama vyote vya kwetu ni vya shetani, mimi niandike nini kwenye kurasa nne? Akasema niandike ukarimu wa Wabembe. Ukarimu! Nitauchoraje?

Basi nikaenda kwa bibi. Bibi anakaa nyuma ya nyumba yetu, chumba chake cha tofali za udongo, na mlango ni turubai. Nilimwonyesha simu. Aliangalia mara moja tu, akachukua ncha ya kitenge chake akaifunika ile simu na mkono wangu pamoja.

"Weye, ile iko kitu ya wanaume. Funika."

"Bibi, ni ya shule."

"Hata ya shule. Miye sitaongea ya ile. Uliza ya shamba, uliza ya ziwa, nitakuambia mpaka utalala."

Nikauliza ya shamba, kwa uvivu tu, ili nipate jina la mzee wa kutaja. Alianza na muhogo. Unaumenya, unauloweka siku tatu mpaka nne mpaka ulainike, unauanika juani, unautwanga, unauchekecha. Nilijua hayo kwa kusikia, kwa sababu hapa watu wanachukua unga wa mahindi wa posho wanaenda kubadilishana na wenyeji wapate unga wa muhogo, wanatoa mwingi wanapata kidogo, na wageni wanashangaa kwa nini mwenye njaa anapunguza chakula chake. Bibi alinieleza kwa maneno machache. Ugali wa mahindi unaingia tumboni, wa muhogo unakaa. Nadhani hilo lingeweza kuandikwa kwenye ripoti moja kwa moja.

Kutoka muhogo akaenda kwenye ndakala, wavuvi wanaotoka usiku na taa, ziwa likawa kama mji. Kutoka hapo akaanza njia. Na hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Bibi hajui kusoma, lakini ana barabara nzima kichwani. Alianzia Baraka, akapanda kaskazini kando ya ziwa: Lweba, Nundu, Mboko. Lakini kati ya hayo majina makubwa, ambayo hata ramani ya simu inayo, alikuwa na mengine kumi, kumi na tano. Kijito ambacho mama zake walikuwa wanaloweka muhogo. Mti wa kupumzikia. Kilima cha ukoo fulani. Kila jina alilitaja kwa Kiebembe na kunirudisha nyuma nikilikosea. Shida yangu kubwa ilikuwa ile sauti ya M' mwanzoni. Sisi ni Wabembe, lakini mmoja wetu ni M'mbembe, na ile koma ya juu siyo pambo. Unafunga midomo, unashika kidogo, ndipo unaendelea. Jina la babu linayo. Kwenye karatasi zetu zote haipo. Aliyetuandikisha zamani hakuiandika, na tangu hapo kila karatasi inanakili karatasi iliyotangulia. Nilirudia lile jina la babu labda mara thelathini, mpaka mdogo wangu akaanza kuniiga kwa kunicheka, na yeye akalipata kabla yangu.

Nilimwuliza kama aliwahi kumwona Che Guevara, kwa sababu mwalimu alitufundisha kwamba mwezi wa nne 1965 huyo mtu alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Fizi kusaidia waasi, na mwezi wa kumi na moja akarudi kwa njia ile ile. Bibi alikuwa msichana wakati huo, wanaouita wakati wa Mulele. Hakumwona. Nikamwambia kwamba yule mzungu alijiita Tatu, kwa Kiswahili. Bibi akauliza, "Tatu? Na Moja na Mbili walikuwa wapi?" Walikuwepo kweli! Wakuba wenzake wawili ndio walipewa hayo. Bibi alilipenda hilo kuliko habari yote ya mapinduzi.

Baada ya Mboko nikasema, endelea, tumebakiza Uvira. Akasema jina moja, Makobola, akanyamaza. Nilisubiri. Nilijua kidogo, kama sisi wote tunavyojua kidogo. Ni pale ambapo watu waliuawa kwa mamia, kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari. Mwaka ule uliofuata ndipo familia yetu ilipanda mtumbwi. Bibi aliinuka akaenda kugeuza mbaazi zilizoanikwa, ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Niliandika Makobola kwenye ramani na pembeni yake sikuandika kitu. Sikumwuliza tena, na sitamwuliza. Akitaka atasema.

Tulikaa jioni sita. Hasira yangu haikuisha, lakini ilikuwa inapata pa kukaa. Jioni ya nne nikamwuliza ule wimbo tunaochezea wageni unasema nini. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ni wimbo wa kumsema mkamwana mvivu, anayelala mpaka jua linatoka na mama mkwe ndiye anachota maji. Miaka minne nimeucheza kwa uso wa huzuni, mikono kifuani.

Kwa hiyo sikupeleka kinyago. Ule mchoro niliuweka chini ya godoro, sikuuchoma kama baba mdogo alivyotaka na sikuupeleka shuleni pia. Nadhani vile vitu ni vyetu, na siku moja ningependa kusimama mbele ya kimoja, lakini kukinakili kutoka kwenye simu bila mtu wa kukielezea ni kama kuchora nyumba ya jirani. Nilipeleka ramani, kwenye karatasi nne zilizogundishwa, kutoka Baraka mpaka Makobola, majina ishirini na tatu, na koma zote za juu nikaziweka kwa kalamu nyekundu. Kurasa nne za maelezo kwa Kifaransa. Mzee aliyenipa habari: bibi yangu, mkulima.

Mwenzangu mmoja, Mfuliiru, alileta habari za ng'ombe wa mahari. Mwingine alileta bwami, imeandikwa vizuri mno, na mwalimu alikuwa ameshaisoma intaneti kabla yake, akapata ile sifuri nyekundu. Mimi nilipata 14. Alikata nne kwa Kifaransa na mbili kwa sababu, alisema, ramani siyo kitu cha mababu. Nilibishana naye hapo hapo. Siku hiyo nilikuwa nimeshiba.

Mwezi uliopita kulikuwa na uhakiki. Tulipofika kwenye swali la kijiji cha asili baba alifungua mdomo, mimi nikamtangulia. Nilitaja kijiji, nikataja kijito, nikamwomba dada aliyekuwa anaandika aweke koma ya juu kwenye jina la babu. Akasema kompyuta haikubali alama hiyo kwenye majina. Nikamwomba aiandike kwa mkono kwenye nakala yetu. Aliangalia foleni nyuma yangu, akaiandika.

Bibi aliuliza hizo alama sita zilienda wapi. Nilipomweleza, alisema mwalimu ni mtoto, aje mwenyewe. Sasa ametaka karatasi nyingine, kwa sababu tulifanya upande mmoja tu. Jumatano tunaanza Ubwari, ng'ambo ya ghuba, alikozaliwa mama yake.