Luthuli hadi Moi Avenue: Safari ya kusaka kompyuta ya sebuleni

MZAZI anayeshuka Luthuli Avenue Jumamosi asubuhi huisikia barabara kabla hajaiona. Maduka yamepanga spika milangoni, kila duka na wimbo wake, na vijana wa mauzo wamesimama kando wakiita: "Karibu mama, TV ya inchi ngapi?"

Barabara hii ya katikati ya Nairobi, inayotoka Tom Mboya Street ikiteremka kuelekea River Road, ina jina la Albert Luthuli, mpigania haki wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Mwaka 2019 serikali ya kaunti iliibadilisha: matatu zikaondolewa, magari yakabaki kwenda upande mmoja na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa. Ni nafuu kubwa kwa mzazi aliyemshika mtoto mkono.

Watu huja hapa kutafuta runinga na muziki. Lakini runinga ikishafika sebuleni, huja swali jingine: italishwa na nini? Kuna familia zinazotaka kompyuta ndogo ya kukaa chini ya runinga, iweke picha za watoto, video ya harusi ya shangazi, katuni na masomo, ili jioni watu wakae pamoja badala ya kila mmoja kuinamia simu yake.

Kompyuta ya namna hiyo huanzia kwenye ubao mama, ambao mafundi wa mjini huuita madabodi. Prosesa, RAM, diski na nyaya zote hushikana nao. Ukikosea RAM, unabadilisha RAM. Ukikosea ubao, huenda ukabadilisha karibu kila kitu. Na risiti za maduka mengi zimeandikwa chini kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa nyumba inayohesabu karo ya muhula ujao, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kupanda matatu

Wanunuzi wazoefu hawaanzi safari dukani. Huanzia nyuma ya runinga yao. Hupiga picha matundu ya runinga na ya sabufa kwa simu, kisha hupima kwa futi ya fundi nafasi iliyo kwenye stendi. Picha hizo na vipimo hivyo humaliza ubishi mwingi.

Vipimo huamua ukubwa wa ubao. Ubao wa kawaida, ATX, una milimita 305 kwa 244. Micro-ATX haizidi 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170, karibu sawa na sahani ndogo ya chai. Mini-ITX hujificha vizuri, ila ina nafasi moja tu ya kuchomekea kadi. Kijana wa nyumba anayeota kuongeza kadi ya michezo na wifi atapumua zaidi kwenye micro-ATX, ambayo mara nyingi bei yake pia ni nafuu.

Picha ya runinga nayo huamua aina ya HDMI. Ubao wenye HDMI 1.4 hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na wenye HDMI 2.0 hufikisha 60. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo hazitaumia. Mpira ndio utakaoonekana ukirukaruka. Lakini kama runinga ya nyumbani si ya 4K, HDMI 1.4 inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kulipia zaidi.

Ngazi za Moi Avenue

Kutoka Luthuli mtu hurudi juu hadi Tom Mboya Street, anapita kando ya jumba la Nyaraka za Kitaifa na sanamu ya Tom Mboya iliyozinduliwa 2011, kisha anatokea Moi Avenue. Hapa maduka ya kompyuta yamo ndani ya majengo, ghorofa juu ya ghorofa. Vyumba ni vidogo, vina kaunta za vioo, na fundi yuko nyuma na bisibisi mkononi.

Swali la kwanza kwenye kaunta ni soketi, yaani kitako anachokalia prosesa. Kufanana kwa jina hakutoshi. Soketi ya LGA 1151 ilitumika kwa prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haifanyi kazi kwenye ubao uliotengenezewa kizazi cha 6 na 7, ingawa inaingia bila shida. Muuzaji makini atataja ubao na prosesa kwa pamoja.

Mtego wa pili ni herufi moja. Prosesa ya Intel ambayo namba yake inaishia na F haina sehemu ya picha ndani yake. Ukiiweka, tundu la HDMI la ubao halitatoa chochote mpaka ununue kadi ya picha. Kinyume chake, herufi T huashiria prosesa isiyokula umeme mwingi, nyingi zikiwa za wati 35. Hizo hazipati joto sana, feni yake haipigi kelele, na mtoto aliyelala chumba cha pili haamki.

Umri wa prosesa pia una maana yake. Kuanzia kizazi cha 7, Intel hufungua video za 4K za HEVC na VP9 bila kutoa jasho. Anayetaka na AV1 aanzie kizazi cha 11.

Wengi huishia kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo, zile ziitwazo ex-UK. Ni njia nzuri ya kuokoa pesa, mradi mnunuzi ageuze kasha aone mgongo wake. Nyingi zina DisplayPort badala ya HDMI, hivyo kibadilishi kinahitajika. Na nyingi zina ubao na pawasaplai za umbo la kiwanda chake. Ubao ukifa, ule wa kawaida wa dukani huenda usiingie.

Ubao wa mtumba hukaguliwa kwa tochi ya simu. Kapasita zilizovimba kichwani ni dalili mbaya, na vipini vya soketi vilivyopinda ni vibaya zaidi. Baada ya macho huja umeme. Neno lenye thamani kuliko kupunguziwa bei ni hili: "Fundi, hebu iwashe nione." Iwashwe kwa waya wa HDMI, video ichezwe, na sauti isikike kupitia tundu lilelile ambalo sabufa ya nyumbani hutumia, iwe la kijani la mviringo au la mwanga. Fundi anayejiamini hukubali, na hata huvuta kiti. Anayesema stima haitoshi, ngazi za kushukia ziko palepale.

Kisha risiti iandikwe jina la ubao na namba yake, wala si "kompyuta moja" tu, na muda wa garanti uandikwe kwa kalamu. Wapo wazazi wanaoondoka Moi Avenue na ubao wa kizazi cha zamani, wa bei ya chini kuliko walivyopanga, kwa sababu ndio uliolingana na runinga waliyo nayo. Chenji inayobaki hutosha stablaiza ya kuulinda stima inaporuka, na pengine chipsi za watoto kabla ya matatu ya kurudi nyumbani.