Safari Fupi Ndani ya Kambi: Nyumba Zenye Lugha Mbili

Safari yetu ya mwezi huu haikuwa ndefu. Tulitembea kwa miguu ndani ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kutoka upande wa Wakongomani hadi upande wa Warundi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ndugu waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Kuanzia 2015 wakapokelewa Warundi wengi. Na watu wakikaa jirani, vijana wao huoana. Basi tukaenda kusikiliza nyumba hizo zinaongeaje.

Ukivuka tu, salamu inabadilika: huku "jambo", kule "amahoro". Mume wa Fizi anamwita mkewe "bibi yangu", na kwake hilo ni neno la mapenzi. Kwa aliyezoea Kiswahili cha Kigoma, bibi ni mama yake mama! Hapo tulicheka sana. Lakini si yote yalichekesha.

Baba mmoja alituambia, "Mimi nikikasirika nasema papo hapo, yanaisha. Yeye ananyamaza tu. Nikaona ananidharau."

Mkewe, mzaliwa wa Makamba, akajibu polepole, "Kwetu wanasema neno linalokupenda hubaki tumboni. Nilinyamaza nisimvunjie heshima. Naye akipaza sauti, nilijua hanitaki tena."

Miezi miwili hawakula pamoja. Na chakula cha mgao, mnajua wenyewe, hakitoshi sufuria mbili. Walioumia ni watoto.

Kilichowasaidia ni shauri la mama mmoja jirani. Jioni watoto wakilala, mmoja anasema, na mwingine anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Baba akajifunza kuuliza: "Huu ukimya ni wa hasira au wa heshima?" Mama naye akajifunza kusema: "Niache nipoe, nitakujibu asubuhi." Na asubuhi anajibu kweli.

Hatusemi Warundi wote ni wanyamavu wala Wakongomani wote ni wa kelele. Tuliwakuta wa kinyume kabisa. Ila ukimya una maana zake, na sauti ina maana zake, na kila mtu amezijifunza utotoni, kwao. Mwenzako hakukulia kwenu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuhukumu, uliza. Kuuliza hakuna foleni wala hakudai kadi.