Kando ya fiodi, nikaiwaza Kivu

Usiku wa pili, pale Aurland nchini Norwei, kitambaa cha kuoshea vyombo kiliganda kikawa kama ubao. Mimi na mume wangu tulilala na makoti ndani ya gari-nyumba tulilokodi Bergen. Nje fiodi ilikuwa nyeusi na kimya, milima imeibana huku na huku. Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia katika bonde lililochongwa na barafu za kale. Huu wa Sogne una urefu wa kilomita 204 na kina kinachozidi mita 1,300. Kulipokucha nikasema: hii ni Karongi, kando ya Ziwa Kivu kwetu Rwanda!

Sikukosea sana. Kivu nalo lina vidole vya maji vilivyopenya kati ya vilima, ingawa lenyewe limetokana na bonde la ufa na volkano za Virunga zilizoyazibia maji njia ya kaskazini. Lakini mimi, mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, niliona fiodi kabla ya kulala hata usiku mmoja kando ya Kivu. Hilo liliniuma.

Baridi ya kule haina mzaha. Gesi lazima iwe propani, maana butani haitoki mtungini chini ya nyuzi sifuri. Siku ya tatu, njia ya Hardangervidda ilifungwa kwa upepo na theluji. Tukangoja langoni mpaka likaja gari la kusukuma theluji, tukalifuata kwa msafara, macho kwenye taa za aliye mbele. Ila mahali pa kulala hapakutusumbua. Sheria ya mwaka 1957 inamruhusu yeyote kupiga hema porini, mradi awe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu. Gari halimo katika haki hiyo, lakini vituo vya kupumzikia vipo barabarani, na vingi vina choo. Usiku minne, hakuna aliyetuuliza kitu. Hakuna aliyetusalimu pia.

Agosti tukaja Kigali, tukakodi gari la jeep lenye hema juu ya paa, tukamchukua Mama, tukapita Muhanga kuelekea ziwani. Giza likaingia hatujapata pa kusimama: upande mmoja mteremko, upande mwingine maharage ya watu hadi ukingoni mwa lami. Tukamtafuta kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji. Akatazama vitambulisho, akazungumza na Mama kwa muda mrefu, kisha akatupeleka uani kwa jirani yake. Tulikula visamaki vya sambaza vya moto, na usiku tukasikia wavuvi wakiimba kwenye mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu.

Sidai sheria ya Norwei. Kwetu kila shamba lina mwenyewe. Nataka uwanja tambarare, bomba na choo kila baada ya mwendo fulani, mahali palipochaguliwa na wanaoijua ardhi, maana Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130, wengi wao huku magharibi. Familia ya Nyamirambo isiyomudu hoteli nayo ilale karibu na ziwa lake.

Asubuhi Mama alishuka majini, akanawa uso, akageuka.

“Mwanangu, miaka yote hii, kumbe ni mwendo wa saa tatu tu?”