Mizani Barazani

Chuoni watu walidhani kazi ya mtunza stoo ni funguo. Mimi nilikuwa msikilizaji wa tuhuma. Katika chuo cha ualimu nilichofanyia kazi, upande wa Bwera, magharibi mwa Uganda, wanafunzi waliamini wapishi wanabeba unga kwenda nao nyumbani. Wapishi waliamini walimu wanawasengenya kwa mkuu wa chuo. Wakulima waliotuuzia maharage waliamini mizani yetu inawapunja. Na ukichimba kidogo, chini ya kila tuhuma ulikuta kabila.

Hayo hayakuanzia kwetu. Isaya Mukirane, Mkonzo, na wenzake walijitangazia ufalme wa Rwenzururu mwaka 1962 kwa kuchoka kutawaliwa na ufalme wa Toro, na mambo ya milimani hayakutulia hadi mwanawe, Charles Mumbere, aliposhuka mwaka 1982. Serikali ilipoutambua ufalme huo mwaka 2009 Wakonzo wengi walishangilia, nao Wasongora na Wanyabindi wakauliza: na sisi je? Wanafunzi wetu walikuja chuoni na swali hilo pamoja na masanduku yao.

Wakubwa walipenda semina za umoja. Soda, hotuba, picha ya pamoja, na kesho yake kila mtu kwenye meza yake ya jana. Mimi niliomba jambo moja tu: mizani itoke stoo, ikae barazani. Mkulima apandishe gunia lake mwenyewe, mwakilishi wa wanafunzi asome namba kwa sauti, mpishi wa zamu aandike daftarini, mimi nitie sahihi mwisho. Unga wa posho nao upimwe hivyo hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda jikoni. Mhasibu alilalamika kwamba tunapoteza muda, na kweli siku ya maharage foleni ilifika getini. Lakini faida ilikuwa humo humo kwenye foleni. Kijana wa mjini Kasese alimuuliza mama wa Ihandiro kwa nini anadai bei ya juu. Mama akampa punje aing'ate, aone ilivyokauka, kisha akamng'atisha ya jirani yake. Tangu siku hiyo wanafunzi wakawa wanang'ata maharage kabla sijagusa kalamu.

Novemba 2016, vikosi vya serikali vilipovamia ikulu ya Mumbere mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakauawa, jikoni kwetu palikuwa na waliofiwa, na palikuwa na mke wa mwanajeshi. Nilifuatwa faraghani, nikiombwa niwatenganishe zamu. Nilikataa. Majina yalibaki ubaoni kama yalivyokuwa, wakapika pamoja wiki nyingi bila kusemeshana zaidi ya chumvi na maji. Mmoja aliniita katili, na sikumjibu. Ningeandika orodha mbili mwezi ule, nani angethubutu kuziunganisha tena?

Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo alikutwa na ebola katika hospitali ya Bwera. Mara wachuuzi wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, waliotuletea samaki miaka yote, wakawa watu wa kufukuzwa. Mpaka wenyewe haukufungwa. Sisi tungefunga geti kwa amri ya nani? Kwenye madumu ya maji ya klorini tuliweka askari, mwanafunzi, na mama mmoja wa wachuuzi hao hao. Mama huyo, kwa Kiswahili chake cha Kongo, alikuwa mkali kumshinda askari. Naibu mkuu wa chuo alirudishwa kunawa mbele ya wanafunzi, na akarudi.

Kuni ndizo zilizonishinda. Zinauzwa kwa tripu ya lori, na tripu haipandi mizani ya stoo. Mwaka niliostaafu bado watu walikuwa wanabishana kama lori lililopangwa magogo ni sawa na lililomwagiwa ovyo. Mwanafunzi mmoja mpenda hesabu alipanda na utepe, akapima urefu, upana na kimo, akatangaza jibu. Mwenye lori akamwangalia kwa upole.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Sasa toa hewa iliyo katikati ya magogo, halafu tuongee bei."