Petroli Haikuibiwa

Kwetu Itombwe, milima ya Kivu Kusini, tunaiita tronsonezi. Hapa Kakuma wanaiita pawasoo. Nimeisikia ikilia tangu utotoni, maana baba yangu mdogo alikuwa mpasua mbao na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumbebea bido ya mafuta mpaka msituni. Kule juu asubuhi ni baridi, ukiongea moshi unatoka mdomoni. Baba mdogo alikuwa anavuta choki, anavuta kamba mara mbili tatu, mashine inakohoa halafu inaamka. "Choki kwanza, kamba baadaye," alikuwa ananiambia. Nilipokimbia na mama nilikuwa na miaka 9, na maneno hayo nilikuja nayo.

Naandika kwa sababu maneno hayo manne yalinifanya nimuite mwenzangu mwizi.

Ilikuwa mwezi wa pili, kabla ya mvua. Shirika moja lilitafuta vijana kumi wa kusafisha kingo za laga, watano wakimbizi na watano wenyeji Waturkana. Mimi nafanya kazi na vijana, na nilikuwa nimejigamba mbele ya watu kwamba pawasoo naijua tangu nyumbani. Basi nikawekwa kiongozi wa mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata mathenge. Anayeishi hapa haulizi mathenge ni nini: miiba yake imetoboa kandambili zetu na matairi ya boda. Mti huu uliletwa Kenya kutoka mbali ili kuzuia jangwa, nao ukakubali kazi kupita kiasi. Unaziba njia ya maji, unafunga malisho, na maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi. Ukiukata juu juu unachipua tena, mpaka uchimbe shina chini ya udongo. Mbao yake ni ngumu sana. Mashine inayoukata inachoka, na vumbi lake ni jembamba kama unga.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda hivi. Saa moja asubuhi mashine inawaka vizuri. Tunakata mpaka saa nne, tunazima, tunaongeza mafuta, tunakunywa maji. Tukirudi, haiwaki. Navuta choki, navuta kamba, mara kumi, mara ishirini, mkono unakufa ganzi. Inatoa harufu ya petroli tu. Tunakaa chini ya mti mpaka saa tisa, halafu inawaka yenyewe kama vile haikuwa na shida. Joto la mwezi wa pili hapa linapita digrii 35 kivulini, na sisi tumevaa kofia ngumu na suruali nene. Vijana wakaanza kununa. Malipo yalikuwa kwa mita tulizosafisha, si kwa jasho.

Siku ya nne nilimkuta yule kijana wa kubeba mafuta, Mturkana wa miaka 19 hivi, mtu wa maneno machache, amefungua bido nyuma ya kichaka. Nilisikia mvuke ukitoka psss. Nikaangalia alama niliyoweka kwa kalamu asubuhi, nikaona mafuta yameshuka karibu kidole kimoja. Kichwani mwangu hesabu ikajifunga haraka: anachota petroli, anajazia maji, ndiyo maana mashine inakufa kila tukiongeza mafuta. Sikumuuliza hata neno. Nilikwenda kwa msimamizi, nikasema. Mchana huo huo jina lake likakatwa kwenye orodha.

Aliniangalia tu, akachukua fimbo yake, akaondoka. Kesho yake wale Waturkana wanne hawakuja.

Hapo ndipo niliogopa. Mimi ndiye ninayesimama kwenye mikutano ya vijana nikisema mkimbizi na mwenyeji ni ndugu. Na mashine, bila yeye, ilikufa tena saa nne.

Nikaibeba mpaka sokoni kwa fundi mmoja wa pikipiki, mzee Mwethiopia, Kiswahili chake cha mkato. Nikamwambia, "Mzee, petroli imetiwa maji." Hakubisha. Alimimina mafuta kidogo kutoka bido ile ile kwenye chupa ya kioo, akaiweka kwenye meza ya kivulini, akaendelea na kazi yake. Baadaye akaniita. "Tazama chini. Maji ni mazito, yanakaa chini. Wapi maji?" Hapakuwa na tone.

Nikamwambia kuhusu alama ya kalamu. Akabonyeza ubavu wa bido yangu, ulikuwa umevimba. "Bido ya plastiki juani inakuwa laini, inavimba, tumbo linakuwa kubwa. Mafuta yale yale, tumbo kubwa, alama inashuka. Na mengine yanakwenda hewani."

Halafu akaniambia niwashe. Mashine ilikuwa bado ya moto kutoka kazini. Nikavuta choki. Akanishika mkono.

"Mtu ana homa, wewe unamfunika blanketi?"

Ndugu msomaji, choki inafunga hewa ili mafuta yaingie mengi. Injini ya baridi inataka hivyo. Injini ya moto haitaki, ukiipa choki inalewa petroli na buji inalowa. Fundi alifungua buji, ikawa nyeusi na inadondosha. Akaikausha kwa kitambaa. Akahakikisha swichi imezimwa, akainamisha mashine tundu liangalie chini, akavuta kamba mara kadhaa ili mafuta ya ziada yatoke. Akarudisha buji, akaihamisha mashine mbali na pale mafuta yalipomwagika, akaiweka chini na breki ya mnyororo imefungwa, choki imerudishwa kabisa, akabonyeza mafuta mpaka mwisho na kuvuta. Mara ya nne ikawaka.

Yaani siku zote nne mwizi wa saa nne alikuwa mkono wangu. Baba mdogo hakunidanganya, alinifundisha ya mlimani. Mimi ndiye sikuuliza kama huku chini mambo ni yale yale.

Fundi alinipa na mengine, nayaweka hapa kwa yeyote mwenye mashine ya namna hii:

Usizime ghafla ukiwa umetoka kukata. Feni inazunguka injini ikiwa hai tu. Ukizima, joto lote linabaki ndani, linapanda mpaka kwenye kabureta, na petroli inaanza kuchemka kwenye mpira wake. Iache ingurume taratibu kama dakika moja, ndipo uzime, kisha iweke kivulini, si juu ya mchanga wa moto.

Ondoa kifuniko kila siku, safisha kwa brashi mapezi ya silinda na filta ya hewa. Yangu yalikuwa yamejaa unga wa mathenge hadi huoni chuma.

Ikizima inapofanya kazi, subiri ipoe kidogo, legeza kifuniko cha tanki polepole. Ikivuta hewa kwa nguvu halafu ikiwaka vizuri, tundu la kupumulia tanki limeziba.

Buji ikiwa kavu na haitoi cheche mashine ikiwa ya moto, lakini ikipoa cheche zinarudi, shuku koili. Na kamba ikiwa nyepesi sana wakati wa moto, huenda pistoni au ringi zimekwisha. Hapo acha kulazimisha, peleka kwa fundi.

Changanya mafuta kidogo kidogo, ya siku hiyo. Mashine yetu kitabu chake kinasema oili ya tu-stroku mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Fuata kitabu cha yako. Bido ikae kivulini, na usiongeze mafuta injini ikiwa inachoma mkono.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina ombi dogo. Tulipewa mafunzo ya siku moja ya kofia na glavu, na tunashukuru, miguu yetu bado ipo. Lakini hakuna aliyetuambia mashine hii ikiwa na joto inawashwa vipi. Buji moja ya akiba, brashi, na nusu saa ya fundi wa hapa hapa sokoni vingetuokoa siku nne. Na vingemuokoa mtu mmoja.

Nilikwenda kwao jioni, na sukari kilo mbili na majani ya chai. Mwenzangu mmoja Mturkana alikubali kunisindikiza ili anitafsirie kwa bibi yake. Tulikaa nje, juu ya ngozi. Nilisema yote: kwamba nilikosea, kwamba petroli haikuibiwa, kwamba mimi ndiye nilikuwa naizamisha mashine. Bibi alisikiliza, akauliza swali moja. Mwenzangu akatafsiri: "Hayo maneno uliyasema mbele ya watu wangapi?"

Nikasema watu wote.

"Basi hapa tuko wachache."

Asubuhi iliyofuata nilirudia mbele ya kikundi kizima na msimamizi. Jina lake likarudishwa, ila siku mbili alizokosa hazikulipwa, orodha ilikuwa imeshatumwa. Tukasema tuchange kutoka kwenye malipo yetu. Sita walitoa, wengine wakasema kosa ni langu nilipe mimi. Walikuwa na haki. Nikalipa sehemu yao.

Tulipopumzika saa nne, nilimuuliza kwa nini siku ile alifungua bido nyuma ya kichaka. Alijibu bila hasira, na hiyo iliniuma zaidi.

"Ilikuwa imevimba kama tumbo la mbuzi aliyekula vibaya. Niliipeleka kwenye kivuli, nikaifungua ipumue. Ungeniuliza."

Yeye alikuwa anaijua shida ya joto kabla ya fundi. Mimi mwenye pawasoo ya tangu nyumbani sikuijua.

Tulimaliza laga ile wiki tatu baadaye. Saa moja asubuhi mashine niliwasha mimi, na choki. Baada ya saa nne aliwasha yeye, bila choki, na nilikuwa nasimama pembeni nimeshika bido kivulini.