Jina ni Lile Lile, Yaliyomo Siyo



Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, leo tuzungumzie gemu za vijana wetu. Wengi wetu tukishaliridhia jina la gemu moja, basi kila itakayotoka kwa jina hilo tunaipitisha bila kuiangalia. Hapo ndipo penye hatari.

Chukueni mfano wa Prince of Persia, gemu iliyoanzishwa na Mmarekani Jordan Mechner mwaka 1989. Mwaka 2003 kampuni ya Ubisoft ilitoa The Sands of Time, kisa cha mwana wa mfalme mwenye jambia la kurudisha wakati nyuma. Maadui zake ni viumbe vya mchanga, wakishindwa hutoweka. Kule Marekani iliwekewa alama T, yaani miaka 13 na kuendelea. Mwaka uliofuata, 2004, ikaja Warrior Within. Mwana wa mfalme amejaa hasira, muziki ni wa makelele, vichwa vinakatwa, damu inaruka, na wanawake wamevalishwa nusu uchi. Alama ikawa M, miaka 17 na kuendelea. Mechner mwenyewe alisema hadharani kuwa mwelekeo ule haukumpendeza.

Sababu ni biashara. Mtoto aliyenunua gemu jana leo ni kijana mwenye pesa yake, na kampuni inamfuata anakokwenda. Lakini nyumbani kuna mdogo wake, naye analifuata jina.

Kwangu hapa Nyamirambo tuna PlayStation 2 ya mtumba na diski zake. Mkubwa ana miaka 18, mdogo 13. Mdogo alipomaliza ile ya 2003 akaitaka ya pili.

"Baba, mbona kaka anaicheza? Na mtu mwenyewe ni yule yule!"

Swali lake lilikuwa la haki, kwani mtoto anapima mapenzi ya mzazi kwa usawa. Nilimpa makasha yote mawili, nikamwambia asome alama mwenyewe. Akasoma, akanuna. Aliyemaliza maneno ni kaka yake: "Hata mimi sioni raha kuicheza dogo akiwa ubavuni." Akaiondoa sebuleni.

Neno lile limenifikirisha. Kama anaona haya mbele ya mdogo wake, basi moyo wake tayari umeshaijua ile gemu ni kitu gani. Hilo nimemwachia alitafakari.

Wala sisemi jina likiharibika limeharibika milele. Prince of Persia: The Lost Crown ya mwaka 2024 ilirudi kwenye alama T. Kwa hiyo kila gemu ipimwe peke yake. Mzazi, soma kasha, kisha kaa na mwanao japo robo saa utazame. Na wewe mwanafunzi, kabla hujawasha, kumbuka nani amekaa nyuma yako.

Malezi ni amana. Wabillahi tawfiq.