Daraja la Chuo Halilipi Karo

Sawa wasee, leo tuongee kuhusu hii kelele ya vyuo vya Marekani. Kila mwaka ikifika Machi na Aprili, majibu yakianza kutoka, kila mtu anageuka hakimu. Nani ameingia wapi, na je, hapo ni juu kabisa ama ni juu kiasi? Watu ambao hawajawahi kuona theluji wanakosana usiku wa manane juu ya kama Cornell inafaa kukaa meza moja na Harvard.

Na mimi naongea kama nani? Niliacha chuo mwaka wa pili, hapa hapa Nairobi, karo ilipokataa. Kwa hizo orodha zenu mimi siko hata ngazi ya chini, niko nje ya geti. Lakini ukiwa nje ya geti unaona vizuri nani anaingia na nani anarudishwa.

Tuanze na msingi. Ivy League ni ligi ya michezo. Ndiyo, michezo. Makubaliano yao ni ya 1954, na vyuo ni vinane: Harvard, Yale, Princeton, Columbia, Brown, Dartmouth, Cornell na Pennsylvania. Stanford na MIT hazimo, na hakuna mtu atakuambia hizo ni za chini. Ndiyo maana watu wakatunga HYPSM, yaani Harvard, Yale, Princeton, Stanford na MIT. Wengine wakaona hapo pamebana sana, wakaanza kusema "ishirini bora". Sasa uliza chuo cha ishirini na moja kimekosa nini. Kimya. Nimegundua kila mtu huchora mstari chini kidogo ya pale yeye amefika.

Na hizo namba hutoka wapi? Jarida la U.S. News lilianza kupanga vyuo 1983, mwanzoni kwa kuuliza tu marais wa vyuo maoni yao. Baadaye zikaja hesabu. Halafu 2022, Columbia ikiwa namba 2, profesa wao wenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, akakaa chini akapiga zile hesabu upya na kuonyesha kuna takwimu hazishikani. Chuo kikakubali kuna zilizokosewa. Septemba hiyo kikaanguka hadi namba 18. Sasa niambie, walimu walisahau kufundisha usiku mmoja? Maktaba ilihama? Namba ndiyo ilisonga, chuo kilikuwa pale pale.

Lakini sitawadanganya eti jina la chuo ni hewa tupu. Mwaka wa 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichunguza vile vyuo vinane pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walipata kwamba kusoma huko, badala ya chuo kikuu kizuri cha umma, kunaongeza kwa karibu asilimia 50 nafasi ya kufika kwa ile asilimia moja ya matajiri wa juu. Ila mapato ya wastani hayakubadilika sana. Na mtoto wa hao matajiri wa asilimia moja alikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma huko, akilinganishwa na mtoto wa familia ya kati mwenye alama zile zile za mtihani. Kwa hivyo mlango ni wa maana, lakini ujue pia funguo zinagawanywa vipi.

Mbona nina moto hivi? Juu ya binamu yangu. Msichana ana bidii, anasoma na taa ya simu stima ikipotea. Amepata nafasi kwa chuo kidogo huko Ohio, na wamesema watalipa karibu kila kitu. Anatakiwa kujibu kabla ya tarehe 1 Mei. Badala ya kuchinja kuku, familia imenuna. Mjomba ameuliza, "Hiyo ni chuo gani? Sijawahi kuisikia." Anataka akae nyumbani mwaka mzima ajaribu Harvard tena.

Mjomba, na heshima zote, nikukumbushe mtu. Mwaka wa 1960, kwa zile safari za wanafunzi zilizosukumwa na kina Tom Mboya, msichana mmoja wa Nyeri alipelekwa chuo kidogo cha watawa kinaitwa Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas. Alimaliza hapo 1964. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wangari Maathai. Hakuna mtu Oslo alimuuliza chuo chake kilikuwa namba ngapi.

Sisemi kila chuo kidogo kinatoa Wangari. Nasema mtoto wa hapa anahitaji orodha yake mwenyewe, na ya kwanza kabisa ni pesa. Harvard, Yale, Princeton na MIT haziangalii kama mgeni ana uwezo wa kulipa zikiamua kumchukua. Amherst pia, ambayo mitaani hakuna anayeitaja. Lakini Cornell na Columbia, ukiwa mgeni, uwezo wako unaweza kuhesabiwa. Hiyo tofauti kwetu ni kubwa kuliko ya namba 2 na namba 18.

Baada ya pesa, uliza: wangapi wanaoanza humaliza? Mwalimu atajua jina langu? Nikikwama mbali na nyumbani, nani atanishika mkono?

Mimi najua chuo hukatika aje karo ikikosa. Hukatika kimya, unaacha tu kuonekana darasani. Binamu yangu ameshikilia barua inayosema hilo halitamfika. Mjomba, mwache ajibu ndiyo. Kuku nitanunua mimi.